Mwaka wa Kufunga Mdomo

Machakos mjini,
28 Desemba 2024

Mdogo wangu Ndanu,

Usishtuke kuona karatasi. Hakuna aliyekufa na simu yangu haijaibwa. Nimekuandikia kwa sababu mwaka unaisha, Krismasi imepita mimi nikiwa huku na nyinyi mkiwa huko Masinga, na katika siku hizi za kukaa bila shughuli nimepata nafasi ya kuutazama mwaka wangu tangu mwanzo. Sikupenda nilichokiona.

Wenzangu hapa mtaani wanaahidi kupunguza sukari. Wengine wataamka mapema wakimbie. Hata mume wangu ameapa kuacha kulala na redio ikipiga kelele, na nimemwombea Mungu amsaidie. Mimi tabia yangu unaijua, na kijiji kizima kinaijua. Ni huu mdomo.

Tangu Agosti sijapata raha. Kila mara nakumbuka siku ile Musili alipokuja kumsalimu mama, akina mama wa jumuiya wamejaa uani, nami nikamwambia mbele yao kwamba kwa miaka mitatu amekuja kwetu na njaa, sasa siku moja ajaribu kuja na wazazi. Wanawake walicheka. Yeye aliweka chini sahani yake ya muthokoi ikiwa nusu, akachukua kofia yake, hajarudi tena. Wewe ulizunguka nyuma ya jikoni ukalia. Mama naye hajasema nami tangu siku hiyo, ndiyo maana hamkuniona Krismasi. Nilikufukuzia mchumba, Ndanu, kwa sababu nilitaka kuchekesha watu.

Sasa sikia. Jirani yangu Zaituni, yule wa leso na mapazia, amenipa dawa. Anasema kwenye simu neno langu hutoka kabla sijalionja, lakini kwenye karatasi mkono huchoka na hasira hupoa. Kwa hiyo kwa simu tutajuliana hali na kuulizana habari za mvua, basi. Mambo mazito tutaandikiana. Shemeji yake, Omar, hupeleka nguo Masinga siku za soko, na amekubali kuwa tarishi wetu.

Mwaka huu unaokuja sitatoa maoni juu ya maisha ya mtu, hasa yako. Ukiniletea mchumba mwenye pembe, nitamvutia kiti. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa vya kutosha. Nawe chagua tabia yako moja ya kurekebisha, uniambie.

Dada yako,
Mumbua

*

Masinga,
9 Januari 2025

Dada Mumbua,

Barua yako imefika ikinukia udi kama imetoka arusini. Omar aliniita katikati ya soko, "Ndanu, kuna barua ya dadako," nikadhani ni samansi ya mahakama. Mama aliponiona nikisoma aliuliza imetoka kwa nani. Nikasema kwa rafiki wa shule. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Kuhusu kufunga mdomo, nakupa mpaka Pasaka. Si kwamba nakudharau. Nakujua tu.

Tabia yangu mimi ni kukubali. Nimeutazama mwaka wangu kama ulivyosema, na sikumbuki mahali niliposema hapana. Mbuzi wa jirani amefungwa kwenye sukumawiki yangu kwa sababu mwenyewe aliomba. Sufuria langu kubwa la kukaangia samaki liliazimwa siku moja ya Pasaka, na mpaka leo linapika kwa watu. Kwaya wakitaka mtu wa kubaki nyuma kufagia, hutazama upande wangu. Basi mwaka huu nataka kujifunza kukataa. Nimeanza na yule wa boda anayeuza mkate. Nilimwambia leo sitaki mkate. Akaniuliza kwa nini. Nikanunua miwili.

Kuna jambo lingine. Unamkumbuka Festus, yule mwenye duka la mabati na misumari kule Tala, aliyefiwa na mke? Amekuja hapa na binamu yake. Hanywi pombe, anasali, anaongea na mama kwa heshima. Alipoondoka mama alikuwa kama mtu aliyenyeshewa baada ya kiangazi. Festus ameomba kuleta mbuzi wa ntheo, wale wa kumfunga msichana kuwa mke. Mama alinigeukia kuniuliza, mimi nikatazama kucha zangu, na mama akasema basi mtoto amekubali.

Ni mtu mzuri. Anasema nikihamia Tala sitanuka samaki tena, nitakuwa nakaa dukani kwenye kiti chenye mto. Wewe unaonaje?

Mdogo wako,
Ndanu

*

Machakos mjini,
20 Januari 2025

Mpendwa Ndanu,

Nimefurahi kusikia kwamba mama amefurahi. Kiti chenye mto ni kitu kizuri. Mungu aongoze hatua zenu.

Umeona? Hayo ndiyo maoni yangu yote, na nimeyaandika bila kufuta hata neno. Nilipomsomea Zaituni alinitazama kama nina homa. Nakwambia kweli, si kazi rahisi. Juzi mama mkwe aliniletea pazia alilojishonea mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, nami nikasema asante na kulitundika. Mume wangu alitoka nje acheke.

Endelea na mafunzo yako ya kukataa. Yule wa mkate usimwogope.

Dada yako anayekupenda,
Mumbua

*

Masinga,
11 Februari 2025

Dada,

Asante kwa baraka zako. Nilikuwa nimeuliza unaonaje.

Mambo huku yanakwenda mbio. Baba mdogo Kisilu amekubali kusimama mahali pa marehemu baba, na siku imepangwa, Jumamosi tarehe ishirini na mbili Machi. Mama ameshaomba viti vya kanisa. Festus alikuja tena Jumapili. Aliniomba nimwonyeshe mahali ninapofanyia kazi, nikampeleka kule bwawani asubuhi wavuvi wakishusha samaki. Alisimama mbali kidogo, ameziba pua kwa ustaarabu, hakutaka nione. Wavuvi walikuwa wananitania kama kawaida kwamba nachagua tilapia kama mtu anayechagua mkwe. Yeye hakucheka. Tulipokuwa tukirudi alisema binti wa shangazi yake atachukua mahali pangu pa kukaangia, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi, hapatakaa bure.

Mimi nilikuwa sina wasiwasi mpaka aliposema hivyo.

Mahali pale nilipapata mwenyewe, Mumbua. Unakumbuka nilipoanza nilikuwa nauza samaki nimepiga magoti juu ya gunia. Sasa watu hutoka Kithyoko kunitafuta kwa jina. Lakini labda huo ni ujinga. Mtu wa miaka thelathini na minne hapaswi kulinganisha mume na moto wa kukaangia.

Zamani ningekuandikia nusu ya haya, na wewe ungekuwa umeshashuka hapa na mwavuli wako. Kama uko na neno, sema tu. Sitakasirika.

Ndanu

*

Machakos mjini,
20 Februari 2025

Mdogo wangu,

Najua unanipima, na nakuambia mapema kwamba hutaniweza.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikakujibu kurasa nne. Zilikuwa kurasa tamu. Nilipozimaliza nilizitia kwenye jiko la makaa na kupikia chai. Mume ni wako, maisha ni yako, na miguu ya kwenda Tala ni yako. Mimi sitaki tena kuwa mtu wa kukutoa machozi nyuma ya jikoni.

Zaituni ameniudhi. Aliuliza unaendeleaje, nikamweleza, akasema, "Mumbua, wewe umeacha matusi ama umeacha kumpenda dadako?" Nikamwambia auze mapazia yake. Hatujasalimiana siku mbili.

Nimempa Omar leso mbili akuletee, moja yako na moja ya mama. Siku ya ntheo, kama mama ataniruhusu nipite langoni, nitakaa nyuma kabisa nimenye vitunguu. Hutanisikia hata nikikohoa.

Dada yako,
Mumbua

*

Masinga,
3 Machi 2025

Mumbua,

Leso zimefika. Ya mama nimemwambia nimenunua mimi. Yangu sijaifungua.

Umekuwa mtu mzuri sana mwaka huu, na huo uzuri wako ndio utakaoniozesha. Kwani wewe unadhani nilikuwa nakuuliza unaonaje ili unitumie leso? Nilikuwa nakuita. Nimekuita Januari, nimekuita Februari, na kila mara unanijibu kama kadi ya arusi.

Unalia juu ya Musili. Hebu nikuulize, jioni ile kabla ya akina mama wa jumuiya kuja, nani alikaa nawe jikoni akakuambia kwamba Musili amekula kwetu miaka mitatu na hajataja wazazi hata siku moja? Wewe ulikuwa umetoka Machakos mchana huo huo, ungejuaje? Ni mimi niliyekupa kuni, wewe ukawasha. Nilikuwa nimemchoka Musili tangu mwaka uliotangulia na sikuwa na mdomo wa kumwambia. Nikajua ukisikia utasema, na ukasema, na akaenda. Nililia, ndiyo. Nililia kwa sababu yalikuwa yamekwisha na hakuna aliyenilaumu mimi.

Na kabla ya Musili alikuwa yule mwalimu wa Kangundo. Huyo pia ulimfukuza wewe. Ulifikiri ni bahati mbaya?

Sasa umejifunga mdomo na mimi nimebaki uwanjani peke yangu. Simtaki Festus. Hajanikosea kitu, na simtaki. Unajua kwetu inavyokuwa. Mbuzi watasimama pale, Kisilu ataniuliza mbele ya watu kama awapokee, na msichana akinyamaza kunyamaza kwake ndiko kukubali. Mimi nitanyamaza, Mumbua. Najijua. Wakishachinjwa nitakuwa mke wa mtu, na nitakaa kwenye kile kiti cha mto mpaka nizeeke.

Njoo useme. Dada mkubwa anaweza kumsemea mdogo wake, hata Kisilu hawezi kukuzuia. Sema lolote, sema ana masikio makubwa. Njoo tu.

Ndanu

*

Machakos mjini,
8 Machi 2025

Ndanu,

Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo ujue haya si ya hasira, ingawa hasira ninayo.

Nianze na Musili. Mwezi wa Oktoba, wewe hujui, nilikwenda kumtafuta mpaka kwao Kithimani. Nilibeba kilo mbili za sukari. Nilimkuta anamwagilia mipapai, kumbe ameshapata mke, tena mjamzito, amekaa kivulini, nami nikasimama pale kati ya mipapai nikamwomba anisamehe na arudi kwa mdogo wangu. Mbele ya mke wake! Musili alicheka mpaka akaketi. Yule mke wake alinipa papai nirudi nalo nyumbani. Nilirudi nalo, nikalila nikilia. Haya yote nilikufanyia wewe, na wewe ulikuwa umelala usingizi wako mzuri huko Masinga. Na mama amenikasirikia miezi saba, nawe ulikuwa unamtazama akinikasirikia, ukachambua naye maharagwe.

Imeniuma. Naliandika hilo mara moja tu, silirudii.

Jana nilikuwa nimekwisha kufunga begi. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia Festus, na yangemtosha, hata lile la masikio lilikuwemo. Halafu nikajiuliza, huyu mwanaume amefanya nini? Amefiwa na mke, ametafuta mwingine, amempenda mdogo wangu na kuja mlangoni kwa heshima zote. Nitasimama nimwaibishe mbele ya wazee wake kwa kosa gani? Musili angalau alikuwa mlafi.

Na tuseme nimemfukuza. Mwaka ujao atakuja mwingine, utatazama kucha, na mimi nitafunga begi. Nikifa nani atakufukuzia watu? Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimekulelea huo ukimya mpaka umekuwa mkubwa kuliko wewe. Mimi nilidhani tabia yangu mbaya ni yangu peke yangu. Kumbe tulikuwa tunailima wawili.

Kwa hiyo nakwambia maoni yangu, kwa kuwa umeyataka na mwaka huu sijatoa mengine. Usiolewe na Festus. Mtu aliyeziba pua bwawani hakukujua, na wewe ukizungumza juu ya ule moto wako wa samaki unakuwa mtu mwingine kabisa hata kwenye karatasi. Huo si ujinga. Hayo ndiyo maoni yangu, na nimekuambia wewe, si yeye. Yeye utamwambia mwenyewe.

Tarehe ishirini na mbili sitakuja. Si kwa kukususa. Nikija utaniangalia, na nikikuona unaniangalia nitasema. Tunajuana.

Unaweza, Ndanu. Neno lenyewe ni fupi.

Dada yako,
Mumbua

*

Masinga,
25 Machi 2025

Dada Mumbua,

Najua umekuwa ukishika simu na kuiweka tangu Jumamosi, nami nimeshika yangu na kuiweka. Lakini tulikubaliana mazito yaandikwe, na sikupata kushika kalamu mpaka leo.

Ulipokataa kuja nilikuchukia kwa wiki nzima. Nilikuwa na tumaini mpaka asubuhi ile kwamba ulisema tu, kwamba nitasikia boda ikisimama langoni na sauti yako ikigombana na mwenye boda. Nilipanga viti huku nimeelekeza sikio barabarani. Walipofika wageni, watu wa Tala kumi na wawili, ndipo nilipojua kwamba kweli huji.

Mbuzi walikuwa wanene. Waliwafunga kwenye nguzo ya ghala, na Kisilu akasimama akaongea sana, unamjua, akamtaja baba, akamtaja hata babu. Halafu akaniita. Akaniuliza, "Ndanu, hawa wageni unawajua? Mbuzi wao tuwapokee?" Watu walikuwa wameshaanza kutabasamu. Kijana wa kuchinja alikuwa amekwisha kuchutama. Nikatazama kucha. Nikasikia mama anavuta pumzi aseme lile lake, basi mtoto amekubali, na nikajua nikimwachia amalize pumzi hiyo nimekwisha.

Nikasema, "Nawajua, baba mdogo. Ni watu wazuri. Lakini mbuzi msiwapokee, mimi sitaki kuolewa."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Kisilu aliuliza kama nimesikia swali vizuri. Nikasema nimelisikia. Nikashika kiti cha kanisa.

Festus ndiye aliyeinuka. Aliniuliza pale pale, taratibu, "Nimekukosea wapi?" Nikamwambia hajanikosea popote, na kwamba nilipaswa kumwambia Januari. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu wale wengine wawili sikuwahi kuziona nyuso zao wakiambiwa. Wewe ndiye uliyeziona, kila mara. Alimshukuru mama kwa chai, akaenda akafungua mbuzi mwenyewe. Binamu zake walikuwa na maneno, akawanyamazisha.

Usifikiri nilisherehekea. Jioni nilikunja viti peke yangu. Kwaya imegawanyika, wengine wananiita shujaa na wengine wanasema nimeringa na umri ndio huo. Asubuhi niliwasha moto wangu bwawani kama kawaida na watu wakanunua samaki, lakini walikuwa wananitazama mimi.

Mama hakusema nami siku mbili. Jana tulikuwa jikoni, akaanza bila kunitazama. Alisema anajua huu ni mkono wa nani. Alisema Mumbua amekaa huko Machakos ananifundisha kwa simu, kwamba alinifukuzia Musili na sasa amenifukuzia Festus hata bila kutia mguu hapa, na kwamba amezaa mtoto mwenye ulimi wa nyoka. Alisema mengi.

Nilikuwa nachambua mchele. Nilikuwa nimefanya kazi kubwa Jumamosi, dada, na nilichoka, na mama alikuwa anazidi kupoa kwangu kadiri alivyozidi kukuwakia wewe. Ningenyamaza tu, angenikumbatia kabla ya chakula kuiva. Niliuona huo mlango ulivyo wazi.

Nikamwambia, "Mwaitu, Mumbua nilimwita aje anisemee, akakataa. Nimesema mimi. Na Musili ni mimi niliyetaka aondoke, yeye nilimtumia tu. Miezi hii yote umemkasirikia bure."

Mama aliweka mwiko chini. Akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia mpaka giza likaingia. Chakula hakula. Nilimpelekea chai, akaipokea. Nilidhani sasa nimewapoteza nyote wawili, wewe na yeye, kwa wiki moja.

Leo alfajiri alinikuta nikifunga kapu la kwenda bwawani. Akaniuliza kama niko na namba yako. Nikasema si unayo kwenye simu yako. Akasema aliifuta Agosti.

Nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi kwa tarakimu kubwa. Amekifunga kwenye pindo la leso, ile uliyomtumia, nami nimemwambia ilitoka kwako. Hatapiga leo, unamjua, wala pengine kesho. Lakini akipiga, pokea, na usimwambie chochote kwanza. Mwache aanze yeye.

Mdogo wako,
Ndanu